Nilimtupa paka wa mke wangu, na kila usiku anamwekea dagaa dirishani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 36, fundi wa friji na viyoyozi, naishi Tanga, maeneo ya Makorora. Ndoa yangu iko mwaka wa sita. Barua hii naiandikia kibarazani, simu nimeipunguza mwanga, maana mke wangu yuko ndani na najua hajalala.

Mke wangu ana ujauzito wa miezi minne. Ni wa tatu huu. Wa kwanza uliharibika ukiwa na wiki tisa, wa pili ukiwa umekaribia miezi mitano. Ule wa pili ulitumaliza. Alilazwa siku nne, na wiki ile ile aliyorudi nyumbani, masika imekolea, akamkuta mtoto wa paka kwenye mfereji nyuma ya choo, ametota, macho yameshikana kwa matongo. Akamwingiza ndani, akamkausha kwa kanga yake. Mimi nilijua hatamaliza siku mbili. Hakufa. Leo ana miaka miwili na kitu, jike, rangi yake kahawia inayokaribia chungwa, ndiyo maana mke wangu akampa jina la Tangawizi. Majirani wakalikata jina vipande viwili, Tanga-wizi, kwa sababu mtaani kwetu hakuna aliyewahi kuacha samaki wazi akamkuta.

Mwezi uliopita dada yangu mkubwa alituma ujumbe wa sauti kwenye grupu la familia. Akasema paka anaharibu mimba, na kwamba anashangaa sisi watu wa matatizo tunalala na mnyama chumbani. Akaongeza na la dini, kwamba nyumba inayosaliwa haifai kuwa na manyoya ya paka kila kona. Mama akaunga mkono. Usiku ule nikakaa na simu nikisoma, nikakutana na ugonjwa unaitwa toksoplasmosisi. Nilipofika kwenye maneno "mimba kuharibika" nikaizima simu. Nikajiambia, kumbe ndicho kilichotumaliza.

Nilimwomba mke wangu tumpeleke paka kwa mtu mwingine. Akacheka, akasema Tangawizi haendi popote. Nilipomtajia maneno ya wifi yake, cheko likakatika, na tangu hapo hilo halikuzungumzika tena.

Niseme na jambo moja ili upate picha yote. Mimi nafuga njiwa. Nina banda la mbao juu ya ukuta wa uani, njiwa 22, wengine nimewatoa Pangani kwa mzee mmoja anayejua njiwa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Kwake nilinunua dume jeupe, manyoya mpaka kwenye vidole, kifua mbele kama afande. Shilingi 40,000, Shangazi. Likianza kuguguma asubuhi mtaa mzima unajua kumekucha. Siku moja natoka kwenda swala ya alfajiri, nakuta chini ya banda kichwa na mbawa mbili. Kabla yake walishaliwa majike wawili. Nilimwonyesha mke wangu lile bawa. Akasema "pole, baba," huku anammiminia paka maziwa. Lakini hiyo siyo sababu, nimeitaja tu.

Jumatano moja mke wangu alikwenda kliniki. Nikamtia paka kwenye kiroba cha mchele. Aliniparura mkono mzima na kuniuma kidole gumba, damu ikatoka. Nikafunga kiroba nyuma ya baiskeli mpaka soko la samaki la Deep Sea, nikakifungulia nyuma ya mabanda ya wakaanga samaki. Nilichagua pale makusudi, asife njaa. Alichomoka akaingia chini ya ngalawa iliyopinduliwa. Nilirudi nikiwa mwepesi, kama mtu aliyelipa deni.

Mke wangu aliporudi akaniuliza mkono umefanya nini. Nikasema seng'enge ya kazini. Akaniuliza paka yuko wapi. Nikasema sijamwona tangu asubuhi.

Leo ni siku ya kumi na sita. Kila usiku anaweka sahani ya dagaa dirishani, anamwita kwa sauti ya chini ili majirani wasimcheke. Anasema kosa ni lake, kwamba asubuhi ile aliacha dirisha la jikoni wazi. Chakula cha nyumbani hakigusi, anachotaka ni mishkaki ya pale kona jioni, na udongo, anautafuna kama karanga. Juzi akaniambia: "Hata paka nimeshindwa kumtunza." Nikatoka nje.

Dada anasema ninyamaze, mtoto akizaliwa atasahau. Rafiki yangu anasema nimtafutie paka mwingine wa rangi hiyo hiyo. Mimi naogopa nikisema ukweli mshtuko utaiondoa na mimba hii. Nifanyeje?

Baba Mtarajiwa, Tanga

Marahaba, mwanangu.

Nitakugombeza, lakini kwanza kidole. Ukimaliza kusoma aya hii weka simu mfukoni uende hospitali, na kama ni usiku, basi alfajiri uwe pale. Umeumwa na paka mpaka damu imetoka, na katika barua nzima hukuandika popote kwamba uliosha jeraha wala kwamba ulimwona daktari. Kichaa cha mbwa jina lake linatudanganya. Paka naye hukipata, na hukiambukiza kwa mate, kwa kung'ata au kuparura. Aliyeumwa anatakiwa aoshe jeraha pale pale kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano kamili, kisha akachomwe chanjo, ambayo ni sindano kadhaa kwa siku zinazopangwa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili hauna tiba, karibu kila aliyefika hapo amekufa. Lakini mara nyingi huchukua wiki nyingi au hata miezi kabla ya kujitokeza, kwa hiyo siku kumi na sita usiseme basi tena, nimechelewa. Nenda. Uwaulize na tetenasi.

Watakachokuuliza pale ni hiki: paka mwenyewe yuko wapi? Mbwa au paka aliyeuma mtu huangaliwa siku kumi. Zikipita akiwa hai na mzima, daktari anajua kwamba siku ile mate yake hayakuwa na kichaa. Siku kumi zako zimepita na sita juu, na jibu lako liko chini ya ngalawa huko Deep Sea. Swali la pili litakuwa kama paka alichanjwa, na mtu wa kulijibu ni mkeo peke yake, ndiye aliyemlea. Kwa hiyo unaona hata kidole chako hakitibiki sawasawa huku umeficha.

Umerudi? Haya, tukae.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama pale pale, kwenye njiwa. Ugonjwa umeueleza kwa mistari miwili. Dume jeupe umelieleza mpaka manyoya ya vidoleni, bei yake, mlio wake, kifua chake. Halafu ukamalizia kwa kusema siyo sababu. Mwanangu, mimi nimeishi na wanaume wafugaji, marehemu mume wangu alikuwa na jogoo aliyemsalimia kabla ya kunisalimia mimi, najua. Hofu yako juu ya mimba ni ya kweli, siitilii shaka. Lakini kiroba ulikifunga kwa mikono miwili, mmoja wa hofu na mmoja wa kisasi, na bila ujumbe wa dada yako ule wa pili usingepata kisingizio. Utakapozungumza na mkeo, mtajie na njiwa. Usipomtaja atamtaja yeye, na hapo utaonekana umesema uongo mwingine.

Sasa hesabu ndogo. Mimba ya kwanza iliharibika. Ya pili ikaharibika. Wiki ile mkeo aliyotoka hospitali ndipo paka akaokotwa mfereji wa choo. Hayo umeandika wewe. Tangawizi ameharibuje mimba zilizotoka kabla hajaingia nyumbani kwenu? Ulisoma usiku, peke yako, ukiwa unatafuta wa kumlaumu, na mtu akiwa katika hali hiyo hata tarehe hazioni.

Toksoplasmosisi ipo, na dada yako hakuitunga. Kimelea chake, Toxoplasma gondii, kiligunduliwa mwaka 1908 huko Tunis ndani ya panya mmoja wa jangwani aitwaye gundi, ndiko jina lilikotoka, wala hakuna uhusiano na gundi ya bahasha. Paka ndiye ambaye kimelea hicho hukamilishia uzazi wake tumboni. Akila panya au ndege mwenye vimelea, au nyama mbichi, hutoa mayai yake kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu hivi, na kwa kawaida ni mara moja tu katika maisha yake. Mayai yenyewe yakitoka hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji siku moja hadi tano kukomaa. Maana yake kinyesi kikizolewa kila siku, hatari inakatwa kabla haijaiva. Kumshika paka manyoya, kumpakata, kumsikiliza akikoroma miguuni, hayo siyo njia ya ugonjwa huu. Na mwanamke aliyewahi kuupata zamani, pengine bila kujua maana wengi huupita kama mafua, mwili wake huwa umeshajikinga. Anayeogopewa ni yule anayeupata kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, huyo ndiye mtoto wake anaweza kudhurika macho au ubongo, au mimba kutoka. Kuna kipimo cha damu cha kujua yuko upande gani. Kwenye vipimo vya kliniki mlivyozoea, vya UKIMWI, kaswende, malaria na wingi wa damu, usitegemee kwamba kipimo hicho kimo. Ulizeni.

Na njia kuu za ugonjwa ni zipi? Nyama isiyoiva. Mboga zisizooshwa. Udongo.

Rudi kwenye barua yako uone ulichokiandika juu juu kama kachumbari ya pembeni. Mkeo hali chakula cha nyumbani, anakula mishkaki ya kona na kutafuna udongo kama karanga. Baba we! Umempakia kwenye baiskeli paka anayelala kwenye mkeka, ukaacha mezani nyama iliyoungua nje na nyekundu ndani, na udongo ambao hujui paka wangapi wa mtaa wameukalia. Mishkaki asikatazwe, ujauzito una matamanio yake na mimi mwenyewe nilikula ndimu na chumvi mpaka meno yakafa ganzi. Mchomaji aambiwe airudishe jikoni mpaka ndani ibadilike rangi, au nunua nyama uichome nyumbani mwenyewe. Udongo ndio wa kuzungumza na muuguzi. Unabeba mayai ya minyoo, na hamu ya namna hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu, kwa hiyo muuguzi atataka kuangalia damu yake na vidonge vyake vya madini ya chuma. Usimnyang'anye mkononi. Umeshanyang'anya cha kutosha mwezi huu.

Kuna jambo jingine la kliniki ambalo ni kubwa kuliko paka, na sijui kama mmelisema kwa daktari. Mimba nyingi zinazotoka wiki za mwanzo hutoka kwa sababu kiumbe chenyewe kilianza na kasoro ya vinasaba, si kosa la mama wala la mtu. Ila ile iliyotoka karibu na miezi mitano ina maelezo yake mengine, na mojawapo ni mlango wa kizazi kulegea na kufunguka kabla ya wakati. Hilo likijulikana mapema linaweza kusaidiwa. Sasa mkeo yuko miezi minne. Wiki hii, si mwezi ujao, mfuatane mpaka kwa daktari wa wanawake, mkamweleze habari ya mimba ya pili kama ilivyokuwa. Nguvu ulizokanyagia baiskeli kwenda Deep Sea zielekeze huko.

La dini nilipitie haraka, maana dada yako amelitia kama chumvi ya kuongezea ladha. Waislamu wa pwani wanalijua simulizi la Abu Qatada, sahaba wa Mtume. Mkwewe Kabsha, mke wa mwanawe, alimmiminia maji ya kutawadha, paka akaja akitaka kunywa, mzee akakiinamisha chombo mpaka akanywa. Alipomwona mkwewe ameshangaa, akamwambia kwamba Mtume alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wale wanaowazungukia majumbani. Na habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa njaa imo katika Bukhari na Muslim. Wahenga wetu nao walisema paka wa nyumba haingwi. Na ukitaka la serikali, Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Dada yako asiwe mufti wa nyumba yako.

Nafika sasa pale panaponiuma. Paka kumtupa ni kosa, na wengi wamelifanya. Uongo wa seng'enge ni kosa, na wengi wamelisema. Kisichonitoka kichwani ni lile dirisha la jikoni. Mwanamke aliyepoteza mimba mbili hujiuliza usiku kucha ni nini alichofanya au hakufanya. Alinyanyua ndoo? Alikula nini? Hata daktari akimwambia kosa si lake, moyo hauitiki. Halafu anakuja kupata kitu kimoja kidogo kilichookotwa mfereji, ametota, kinakufa, na kwa mikono yake hakikufa. Wewe uliona paka. Mkeo aliona kwamba na yeye anaweza kuokoa. Sasa umemwondolea, na ukakaa kimya ukimsikiliza anavyojipa kosa lako: "Hata paka nimeshindwa kumtunza." Kila siku unayonyamaza unamwongezea ushahidi wa uongo dhidi ya nafsi yake, na kuna mtoto tumboni ambaye kwa ajili yake anahitaji kujiamini. Hapo sikuonei huruma.

Unaogopa mshtuko. Habari mbaya moja iliyosemwa kwa upole haiondoi mimba. Siku kumi na sita za kutolala na kutokula, hizo ndizo za kuogopa.

Kwa hiyo unasema, na unasema leo. Asiwepo dada, asiwepo mama, simu zizimwe. Subiri awe amekaa, ameshatia kitu tumboni, hata uji. Usianze na ugonjwa, usianze na "dada aliniambia", usianze na "unajua ninavyokupenda". Anza na dirisha: "Dirisha la jikoni hukukosea. Tangawizi nilimchukua mimi, nikampeleka Deep Sea." Ukishasema hivyo nyamaza. Huo unyamavu utakuwa mrefu, usiujaze. Atakapouliza kwa nini, mwambie ulivyosoma, ulivyoogopa kumpoteza mtoto wa tatu, na mwambie na njiwa. Wanaume wa kwetu tumewalea wafikiri hofu ya mimba ni ya wanawake, baba kazi yake ni nauli ya hospitali. Pengine hujawahi kumwambia mkeo kwamba na wewe uliwalilia wale wawili. Mwambie. Ila usilitumie kama ngao ya kujikingia.

Atalia, au atanyamaza siku tatu, au atafunga nguo zake aende kwa mama yake. Akienda, msindikize, mkabidhi, na mbele ya mama mkwe usijitetee kwa neno hata moja. Usimtume mtu kumwomba msamaha kwa niaba yako. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na yako ingefika mwisho hata bila barua hii, maana Deep Sea watu wa Tanga wote wanapita, na mtu kafunga kiroba kinacholia nyuma ya baiskeli mchana kweupe. Heri asikie kwako kuliko kwa muuza kibua.

Paka mwingine wa rangi ile ile? Mwambie rafiki yako aendelee na kazi zake.

Paka huyu huyu atafutwe. Paka aliyeachwa mahali asipopajua kwa kawaida hujificha karibu na pale pale alipoangukia, kwa hiyo anzeni kwenye ngalawa ile na mabanda yale, msikimbilie mbali. Saa zake ni usiku umetulia na alfajiri kabla boti hazijaingia, kelele za mnada zikianza hatatoka. Chukueni sahani yake na kitambaa alichokuwa akilalia. Wewe utabeba taa, mwenye kuita ni mkeo, sauti yako sidhani kama ataifuata tena. Wakaanga samaki na vijana wa kuparua magamba waelezeni rangi yake na waachieni namba ya simu, wao ndio wanaojua kila paka wa pale na tabia zake. Kwa jina alilonalo, huenda wameshamfahamu vizuri. Na msiende siku moja mkakata tamaa. Akipatikana, kabla ya kuingia ndani apitie kwa daktari wa mifugo, apewe chanjo ya kichaa kama hana, na dawa ya minyoo. Chanjo hiyo hurudiwa kila mwaka. Aangaliwe na tumbo lake pia, jike aliyekaa siku zote hizo sokoni na madume, hesabu siku sitini na kitu kabla hujaletewa wajukuu. Mkiona vyema ahasiwe baadaye.

Asipopatikana, mkeo atajua ulimtafuta naye usiku, ukiwa na taa mkononi na aibu usoni. Hilo nalo atalikumbuka.

Nyumbani mambo yabadilike kidogo. Mtengenezee paka boksi la maranda au mchanga la kujisaidia, na kulizoa kila siku ni kazi yako mpaka mtoto azaliwe, ukimaliza unanawa kwa sabuni. Ile lundo la mchanga wa ujenzi, kama lipo uani kwenu kama lilivyo kila uani Tanga, lifunikwe turubai. Usimlishe paka nyama mbichi. Mtoto akija, paka asiachwe naye peke yake kitandani, na hilo halihitaji ugomvi, ni mlango wa kufunga tu.

Na njiwa wako nao. Fundi mzima wa friji umeshindwa na paka mmoja? Banda litoe ukutani uliweke juu ya nguzo ya chuma, katikati ya nguzo ufunge bati pana lililozunguka ili kucha ziteleze, na milango ifungwe kabla ya magharibi. Paka akishiba jioni usiku hupungua kuwinda, ingawa hataacha, ndivyo alivyoumbwa. Ukifagia kinyesi cha njiwa kinyunyizie maji kwanza, ujifunge kitambaa puani, maana vumbi lake likivutwa huleta maradhi ya mapafu, na mkeo akae mbali siku hiyo. Nashangaa hakuna aliyetuma ujumbe wa sauti kuhusu njiwa.

Dada yako umpigie wewe mwenyewe, usimwachie mkeo vita vya wifi. Mwambie umemshukuru kwa kujali, na kwamba habari za mimba hii hazitajadiliwa tena kwenye grupu. Atanuna. Mama naye atanuna kwa wiki moja, kisha atauliza mtoto anachezaje tumboni.

Mkienda Deep Sea pandeni bajaji, mkeo asikae kwenye baiskeli. Kiroba kiache nyumbani, hata harufu yake paka asiisikie tena. Chukua kikapu chenye mfuniko, utandike ile kanga aliyokaushiwa siku ya mfereji kama bado ipo. Na nunueni na samaki mkiwa pale, mkubwa, muukaange nyumbani uive vizuri. Mkeo hajala.

Shangazi